Idi na Avoka Wake wa Bure

Brigadie Placide Wilondja alifika ku buloko ya Baraka jua iko kichwani, shati yote maji, na kinga yake, baiskeli, ikilia kama bata juu cheni ilikuwa kavu. Kutoka Fizi kuja Baraka barabara inashuka, na bantu banasema ni safari ya raha, lakini benye banasema vile habajawahi kushuka na breki mbovu. Alisimamisha kinga ku ukuta, akapangusa uso, akanyoosha kofia yake ya polisi. Hata mufungwa ni muntu. Hafai kuhojiwa na polisi mwenye kofia ya kupinda.

Ndani, Idi alikuwa anacheka.

Ile ndiyo kitu ya kwanza yenye haikumupendeza Placide. Muntu mwenye kesho mashua ya Leta, ya serikali, inamupeleka Uvira, mbele ya jaji, juu ya kuua mulinzi na kuchoma depo ya pamba, anacheka nini? Ku Uvira, muntu mwenye alikubali kuua banamufunga kamba ya shingo. Mu Fizi yote hata batoto balijua ile.

Lakini Idi, mwenye mitumbwi, muntu munene wa meno mazuri, alikaa ku kibao na sabuni mupya mu mukono moja na sigara mu mukono ingine.

"Karibu, ndugu brigadie! Ona, nimekuwa muzungu. Niko na avoka wa kunitetea."

"Nimesikia."

"Metre Raphaël, juu avoka banamuita Metre. Ametoka Bukavu na gari juu yangu mi, muntu wa kunuka samaki. Na bei? Bure! Kampuni ndiyo ilimutuma."

"Kampuni gani?"

"Kwani ziko ngapi hapa? Sokofi."

Placide alikaa polepole. Sokofi ndiyo ilikuwa mwenye depo. Na Saleh, mulinzi mwenye alikufa, alikuwa mulinzi wa Sokofi.

"Idi, nielewe vizuri. Nyumba yenye iliungua ni ya Sokofi. Muntu mwenye alikufa ni wa Sokofi. Na ni Sokofi inakuletea we, mwenye banasema uliua na ulichoma, muntu wa kukutetea?"

"Ni bantu ba roho nzuri."

"Mi bakiniibia kuku, sitamutafutia mwizi chumvi."

Idi alicheka mpaka tumbo ikatetemeka. "We Mubembe wa mulima, roho yako ni kavu sawa muhogo ya jana!"

"Ulimwambia nini huyu avoka?"

"Ukweli. Aliniuliza mbele ya Bwana Mukubwa, mutawala wa Fizi: Idi, ni we ulimulaza Saleh? Nikasema ndiyo, ni mi nilimulaza, na hii mikono. Akanionyesha kitambaa: hii ni yako? Nikasema ni ya musuli yangu, nilipasua mwenyewe. Akanipiga ku bega. Akasema, vizuri, Idi, we mwanaume, mi nitakusaidia."

Placide alikuwa amesikia bauaji wengi mu kazi yake. Kulikuwa mumoja wa Kilembwe, mwenye aliua ndugu yake juu ya mutego wa nyama. Ule alisema akiangalia chini. Mwingine alisema akiangalia dari. Lakini huyu alisema *nilimulaza* sawa muntu mwenye anasema alisaidia jirani kuezeka nyumba. Na kichwa juu.

"Ulimulaza namuna gani?" Placide aliuliza.

Idi alifungua mudomo.

"Ah, brigadie! Hapana, hapana, hapana."

Metre Raphaël alikuwa ku mulango. Muzungu murefu, nguo nyeupe, viatu havina hata vumbi, na hatujui alifanya namuna gani kutembea Baraka bila kupata vumbi. Kiswahili chake alijifunza ku Katanga, na alikipenda sana, alikisema nguvu sawa muntu anaita mbuzi.

"Huyu muntu iko na avoka," alisema. "Muntu mwenye iko na avoka hapana kusema na polisi pasipo avoka. Ni sheria. Si vile, Idi?"

"Ni vile, Bwana Avoka," Idi alisema, na furaha.

"Mi ninauliza swali moja tu, Metre."

"Mbele ya Bwana Mukubwa utauliza. Hapa, hapana." Kisha avoka akamushika Placide mukono, polepole, sawa ndugu. "Na bibi yako? Anapumua? Munganga Nicolas ameniambia atamupasua shingo. Wiki ijayo, ao ingine. Kampuni inafurahi sana kusaidia muntu wa Leta."

Placide alivua kofia, akaangalia ndani yake.

Pulchérie, bibi yake, alikuwa na rovu ya shingo. Babembe benyewe banajua ile ugonjwa, iko mingi mu milima, na bamama wengi banazeeka nayo bila matata. Lakini ya Pulchérie ilikuwa inakua ndani. Akilala chali, pumzi inakatika, anapiga filimbi sawa chungu yenye inachemuka. Dispanseri ya Leta ilisema haiwezi. Hopitali ya Sokofi, hapa Baraka, ilisema inaweza, na bila kulipa kitu. Sasa ulikuwa mwezi, Pulchérie, mama ya mutoto wabo Suzanne, iko anakaa ku kitanda ya kampuni, anangojea.

"Aksanti, Metre," Placide alisema. Angesema nini ingine?

Nyuma yake mulango wa buloko ulifungwa, na Idi mule ndani alianza kuimba.

*

Depo ilikuwa karibu na maji. Sasa ilibaki kuta ine nyeusi na mabati ya kukunjwa. Fabien, kapita wa kampuni, musimamizi wa bafanyakazi, alikuja kumupokea Placide na kucheka kwa meno mengi, meno meupe yenye ilipangwa sawa batoto ba masomo. Meno ile ilikuwa ya kampuni. Zamani Fabien hakuwa na jino ya mbele hata moja. Sokofi ilileta munganga wa meno kutoka Usumbura, bure, na tangu siku ile Fabien anacheka hata ku kilio.

"Ni hapa," Fabien alisema, na meno ikapiga filimbi. "Nyuma ya ukuta. Mi ndiye wa kwanza kumuona Saleh. Kitambaa ilikuwa ku shingo. Amenyongwa. Nikaondoa kitambaa, nikampatia Bwana Direkta."

"Ku shingo, ao ku kichwa?"

"Ku shingo, nimesema."

"Fundo ilikuwa fasi gani?"

Fabien aliacha kucheka. "Brigadie, muntu anaona ndugu amekufa, anaangalia fundo?"

"Lakini ulifungua. Vidole yako ilienda fasi gani kufungua?"

Mukono wa Fabien, kabla kichwa yake haijafikiri, ulipanda juu. Ulipanda mpaka karibu na utosi. Kisha akaushusha mbio, akajikuna sikio.

"Sikumbuki."

Placide hakumufuata. Samaki ikishashika ndoana, ukivuta mbio inapasua mudomo. Aliingia mu majivu, akachimba na kiatu. Majivu ilikuwa kidogo, na ya baridi mpaka chini.

Sasa muntu mwenye hajafanya kazi ya pamba hawezi kujua, lakini ku Baraka kila muntu amelima pamba, akitaka asitake, juu Leta ilikuwa inalazimisha. Pamba yenye imebanwa mu balo, ile mizigo ya kufungwa, ikishika moto, haiungui sawa nyasi. Inaungua ndani kwa ndani, sawa wivu. Unamwaga maji, unasema imezima, kesho moshi inatoka tena, na kesho kutwa. Moto wa hapa ulikuwa wa juzi tu, na hakuna hata moshi.

"Depo ilikuwa imejaa?"

"Mpaka juu! Pamba ya Mutambala yote."

"Na kamyo ya kampuni? Siioni."

"Mushofere Jacques ameenda nayo Nundu. Ameenda asubuhi yenyewe ya moto. Bwana Direkta alimutuma."

"Kubeba nini, kama pamba imeungua?"

"Brigadie," Fabien alisema, na sasa alisema polepole, sawa muntu anaomba maji. "Dada yangu iko ku masomo ya bafundi ba kushona ya kampuni. Mama yangu banamupatia dawa ya macho. Hapa Baraka yote, tafuta nyumba moja yenye haijapokea kitu ya Sokofi. Hata we. Kwa nini unaniuliza mi?"

"Juu we iko na meno mupya. Nilifikiri inajua kusema maneno yako."

"Inasema ya mwenye aliileta," Fabien alijibu. Na ni yeye mwenyewe aliinamisha kichwa.

*

Waridi, bibi ya Idi, alikuwa anangojea ku barabara na kikwembe, nguo ya kilio, ingawa bwana yake hajafa.

"Kaka, kesho banamupeleka?"

"Kesho."

"Metre amesema miaka kidogo tu. Amesema akikubali, jaji atamuhurumia."

"Waridi, ile usiku Idi alienda fasi gani?"

"Aliamka mbele ya alfajiri kuangalia mitumbwi. Alirudi anakimbia, akaniambia: Saleh amekufa, ninaenda Ubwari kuita benyewe. Benyewe ba maiti, dada zake. Akasukuma mutumbwi. Mi nikaenda kuita muzee Ramazani. Mbele ya kufika, nikaona moto. Idi naye aliona moto mu maji, akarudi mbio kusaidia. Bantu ba kampuni bakamukamata akishuka. Bakasema alikuwa anakimbia."

"Ulimwambia Metre maneno hii?"

"Alisema, mama, kaa kimya, utamuharibia bwana yako."

Basi Placide akaenda kwa muzee Ramazani, nyuma ya musikiti.

Muzee huyu ndiye alikuwa mwenye kuosha maiti ba Baislamu ba Baraka. Alikuwa anashona wavu, miguu ameinyoosha. Alimukaribisha Placide na kahawa ya tangawizi, akamuuliza habari ya bibi, ya batoto, ya mihogo ya Fizi, ya mvua. Placide alijibu yote. Kwa muzee haurukii maneno.

"Muzee, ni we uliosha Saleh."

"Ni mi."

"Niambie uliona nini ku mwili."

Sindano ya wavu ilisimama. "Mwanangu, ile usiniombe. Muntu mwenye anaosha maiti anafunika. Kama maiti iko na kidonda, kama uso umeharibika, kama kuna haya, mi nimefunika. Nikisema, Mungu naye atanifunua mi. Hata Bwana Mukubwa aliniita, nilimujibu vile, akakasirika, akanifukuza."

"Basi Idi atanyongwa."

"Nimelia juu ya ile. Lakini siwezi."

Placide alikunywa kahawa mpaka ikabaki takataka ya chini. Yeye alikuwa Mukatolika, alibatizwa na bapadri, lakini nyanya yake wa mama alikuwa wa Ubwari, na Baislamu ba Ubwari balikuwa banakuja kwabo ku kilio. Alikumbuka bamama banasema: amekufa vizuri, uso wake ulikuwa unaangaza.

"Muzee," alisema, "ubaya unafunika. Na uzuri?"

Ramazani alimuangalia. Taratibu, chini ya ndevu, ikatoka kucheka kidogo.

"Uzuri ninaweza kusema. Tena ni vizuri kusema."

"Niambie basi uzuri wa Saleh. Uso wake?"

"Uso ulikuwa muzuri. Mudomo umefungwa sawa muntu amelala. Sikupata kazi nao. Maiti mwenye bamechelewa kumufunga kidevu, mudomo inabaki wazi, unashindana nayo. Huyu, muntu alishamufunga mapema, wakati mwili iko bado moto. Macho pia. Muntu mwenye kumupenda."

"Shingo?"

"Shingo yake?" Muzee aliinua mikono. "Nzuri, mwanangu. Laini, sawa ya bwana arusi."

Placide alisogea karibu. Shingo ya muntu mwenye amenyongwa haiwezi kuwa ya bwana arusi.

"Shavu ya kuume?"

"Safi, sawa imenawishwa."

"Shavu ya kushoto?"

Muzee alishika tena sindano yake, akashona.

Placide alingojea. Hakuna kitu. Wavu tu.

"Nyuma ya kichwa?"

Muzee aliendelea kushona. Macho yake ilijaa maji, lakini mudomo haukufunguka.

Placide alifunga macho, akaona yote. Shavu ya kuume safi: ilikuwa chini, ku muchanga. Ya kushoto chafu: majivu iliangukia pale. Basi Saleh alilazwa ku ubavu wa kuume mbele ya moto. Shingo nzuri: hakunyongwa. Nyuma ya kichwa, kimya: bamemupiga pale.

"Swali ya mwisho, muzee. Maiti ya Muislamu, mukimulaza ku ubavu wa kuume, uso unaangalia fasi gani?"

"Kibla. Hapa kwetu ni upande wa Uvira."

"Na Kiswahili munasema namuna gani, kumuweka vile?"

Ramazani alishangaa na ujinga wa swali. "Tunasema tumemulaza. Ni nini ingine?"

*

Bwana Mukubwa alikuwa mu biro ya Baraka na miguu imechoka, juu ya jua. Alikuwa muntu wa kukasirika upesi na kusahau upesi. Metre Raphaël alikaa karibu naye. Idi balimuleta na minyororo ku miguu, bado anacheka, akamusalimia kila muntu. Kitambaa ya musuli ilikuwa ku meza.

"Haraka, brigadie," Bwana Mukubwa alisema. "Huyu ameshakubali."

"Bwana, ninaomba aonyeshe. Asiseme. Aonyeshe tu namuna alimulaza Saleh."

"Ninakataa," avoka alisema. "Ni kumutesa muntu yangu."

"Bwana Avoka, haiko kunitesa!" Idi alisema. "Mi naweza."

Na mbele Bwana Mukubwa hajasema ndiyo ao hapana, Idi alishuka chini na minyororo yake. Muntu munene ule, alilala ku sakafu ya sima, ubavu wa kuume, akanyoosha miguu, akaweka shavu chini. Akageuka kidogo, akatafuta, akauliza polisi wa mulango, "Ndugu, Uvira iko huku?" akarekebisha uso. Kisha akaomba kitambaa. Placide alimupatia. Idi akaipitisha chini ya kidevu chake mwenyewe, akaipandisha ku masikio, akafunga fundo ku utosi.

"Vile," alisema, na meno yakigongana juu ya kitambaa. "Nilimukuta amekufa, Bwana, bado moto. Kichwa imepasuka nyuma. Nikamulaza. Ungemuacha sawa imbwa?"

Polisi wa mulango alivua kofia yake.

Bwana Mukubwa alisimama, akazunguka meza, akamuangalia Idi pale chini. "Mulisema alimunyonga na ile kitambaa," aliambia avoka, Kiswahili, ili bote basikie.

"Shingo ya Saleh haina alama, Bwana," Placide alisema. "Mwenye kumuosha atakuja kusema mbele yako, ukimuuliza ku shingo tu. Huyu amekubali kulaza maiti. Kunyonga hakuna. Na muntu mwenye anataka kuchoma, anatupa maiti ndani ya moto. Hamufungi kidevu."

Idi alikaa. Kitambaa bado ku kichwa, sawa muntu wa kuumwa meno. Aliangalia Bwana Mukubwa, akaangalia Placide, na polepole sana kucheka ikamutoka usoni.

"Mulifikiri nilimuua?"

Aligeukia avoka.

"Siku yote hii... Bwana Avoka? Uliponiuliza, ulikuwa unauliza kuua? Na we ulijua mi ninajibu nini?"

Metre Raphaël alipangusa gote yake, ingawa haikuwa na kitu. "Mi nilisikia *nilimulaza*. Ku Katanga, muntu akisema vile juu ya mwenzake, ni kumuangusha. Nilifanya kazi yangu vizuri, na bure."

"Basi rudisha!" Idi alilia. "Mi siitaki. Chukua sabuni yako, chukua yote. Bwana Mukubwa, ninamukataa huyu avoka."

Bwana Mukubwa alikohoa. Placide aliona anatafuta macho ya avoka, na akaogopa.

"Hauendi na mashua ya kesho," Bwana Mukubwa alisema. "Ile maneno ya kukubali, ninaifuta. Lakini utabaki ku buloko mpaka tujue nani alimupiga. Na avoka, mambo ya kuua haiwezi kwenda mbele ya jaji bila avoka. Kutoka Bukavu mpaka Albertville, nani mwingine atakuja bure? Metre atabaki na we."

"Kwa furaha," avoka alisema.

Idi alishika minyororo yake na mikono mbili, akaivuta, sawa ndiyo kwanza anaiona.

"Brigadie," Bwana Mukubwa alisema, "uko na siku mpaka mashua ingine. Kama hauna muntu mbele ya ile, huyu anaenda, na majivu yake yote."

"Nitaenda Nundu, Bwana. Kuna mushofere mumoja. Ninataka kumuuliza asubuhi ya moto alibeba nini, juu depo haina majivu ya pamba."

Alijuta kusema, juu avoka alikuwa anasikiliza.

Ku mulango, Metre Raphaël alimufikia. Placide alingojea matusi, alingojea kusikia kama kitanda ya bibi yake iko inje mu jua. Lakini avoka alicheka naye vizuri kabisa.

"Kazi nzuri, brigadie. Mi ninapenda muntu mwenye akili. Sikia: nimepita ku hopitali. Nimemuambia munganga asingojee wiki ijayo. Kesho asubuhi, Madame Pulchérie. Na chumba yake peke yake. Na mashuka mupya." Akamushika mukono ile namuna ya ndugu. "Usiniambie aksanti."

*

Asubuhi, chumba ilikuwa nyeupe yote, na dirisha yenye vioo. Pulchérie alikaa ku kitanda, juu kulala hawezi, na nywele bamemufunika na kitambaa. Pumzi yake ilipiga filimbi.

"Baba Suzanne, gusa hii shuka. Sawa altari."

"Mama Suzanne, sikia. Tunaweza kuondoka. Tipoi, kiti ya kubebwa, iko inje, nimeita babebaji."

"Kuondoka kwenda fasi gani? Kufia mu barabara ya Fizi?"

Akamwambia yote. Alisema upesi na sauti ya chini, sawa mu kitubio. Idi, minyororo, Jacques, Nundu. Pulchérie alisikiliza na mukono ku shingo, fasi yenye ile kitu ilikuwa inamukaba.

"Jana bibi ya Idi alikuja," alisema. "Waridi. Nilifikiri anakuja kuniomba nikusemeshe. Hakuomba kitu. Alikaa pale, akanipepea, juu aliona sipumui. Akaenda."

Munganga Nicolas aliingia. Muzungu wa ndevu nyekundu, muntu wa haya, mwenye bamama ba Baraka bote balimupenda juu hakuwa anapiga kelele. Mikono yake ilikuwa imeoshwa, bado maji. Hakumuangalia Placide mu macho.

"Brigadie, Metre ametuma swali," alisema. "Mi sijui ni ya nini. Anauliza: leo unaenda Nundu, ao unabaki hapa na bibi yako?"

"Na nikienda, Munganga?"

Munganga aliangalia dirisha. "Hopitali ni ya kampuni. Nyumba yangu ni ya kampuni. Batoto bangu... Ameniambia nikuulize mbele ya kuanza. Ile tu."

Placide alishika kofia yake mbele ya tumbo. Aliona Idi chini ku sima, kidevu kimefungwa. Aliona shingo ya bibi yake. Kama Munganga angengojea kidogo tena, pengine angesema *ninabaki*, na hakuna muntu angemulaumu.

"Munganga," Pulchérie alisema, na filimbi yake. "Huyu bwana hajui hata kukoroga bugali. Akibaki hapa, njaa itamuua mbele ya kisu yako kuniua mi. Mwache aende."

"Mama Suzanne!"

"Nenda. Utanisumbua hapa, utanizungukia sawa kuku ya mayai." Alimusukuma na mukono. "Munganga, mi niko tayari. Unajua kazi yako?"

Munganga aliinua macho. Uso ulikuwa mwekundu mpaka ku masikio.

"Ninaijua, mama."

"Basi fanya ile yenye unajua."

Bauguzi bakaja na kitanda ya magurudumu. Pulchérie alipanda mwenyewe, akakataa kushikwa. Bakamupitisha ku mulango ya ndani, na Munganga nyuma yabo, mikono juu. Mulango ikafungwa. Kisha Placide akasikia ufunguo unazunguka kutoka ndani, na hakujua ni Munganga anafungia bantu ba kampuni inje, ao anafungia bibi yake ndani.

Alitoka. Alirudisha babebaji ba tipoi. Alisukuma kinga yake mpaka barabara ya Nundu, akapanda, akakanyaga nguvu, na hakugeuza kichwa hata mara moja, juu alijua akiigeuza atarudi.